Domitila na Kinu cha Mtaliano

Domitila binti Leodgar alikuwa mtu wa kufunga. Alifunga milango, alifunga makopo, alifunga mdomo wake pia, na funguo zote alizifundika kwenye ncha ya kanga akazichomeka kiunoni. Katika nyumba ya wageni ya Bangwe, ukitaka kujua alipo hukuhitaji kumwita. Ulisikiliza tu funguo.

Haikuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Alizaliwa Kalinzi, juu mlimani, kwenye nyumba ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya mgomba na hakuna aliyeingia bila kuitwa. Akasoma mpaka darasa la saba, akaandika mwandiko mzuri kuliko wavulana wote, akaolewa huku chini Gungu. Mume akaenda Mpanda mara moja kufuata mpunga, na hiyo mara moja haijaisha mpaka leo. Alichukua redio, baiskeli na sufuria kubwa ya shemeji. Tangu siku ile Domitila akajifunza kufunga.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Vita ya ng'ambo ilikuwa imewavusha watu ziwa, na mji wa Kigoma ulijaa vitu viwili: wakimbizi na magari meupe. Wenye magari meupe walihitaji mahali pa kulala, basi shirika moja la misaada likakodi nyumba ya ghorofa moja pale Bangwe, karibu na maji, na Domitila akapata kazi ya kutunza mashuka na kuandaa chai ya wageni. Mwezi wa tano akafika Mtaliano, fundi wa visima vya kambini, mtu mfupi mwenye mikono minene. Alishuka kwenye treni na mzigo uliofungwa ndani ya godoro. Watu wakadhani ni maiti. Kumbe ni mashine ya kahawa na kinu chake.

Kahawa Domitila aliijua tangu hajaota meno yote. Ila kwao Kalinzi kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuanika na kupeleka chama cha msingi kuuza. Kuinywa hawakuwa na habari nayo. Mtaliano akamfundisha kuinywa, na zaidi ya hapo kuitengeneza: unasaga punje mpaka ziwe unga laini, unaujaza kwenye kijiko kikubwa chenye mpini, unaukandamiza, unakipachika kijiko kwenye mashine, na maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu kupita humo. Inatoka kahawa kidogo, nzito, yenye povu la rangi ya asali. Wanaiita espreso. Ikitoka upesi ni maji ya kuoshea vyombo. Ikichelewa ni dawa ya minyoo.

"Utajuaje muda?" aliuliza Mtaliano, akimwonyesha saa yake ya mkononi.

Domitila hakuwa na saa. Alikuwa na Salamu Maria. Akajaribu kimoyomoyo, akakuta kikombe kizuri kinajaa Salamu Maria ya pili inapofika Amina. Zikawa ni Salamu Maria mbili kwa kila kikombe, si moja na nusu wala si tatu, na Mtaliano alipopima kwa saa yake alicheka mpaka akakaa chini.

Kahawa yenyewe ilitoka shambani kwa kaka yake Onesmo, na Domitila aliikaanga kila Jumamosi kwenye karai, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana. Wageni wakaanza kuisifia. Daktari mmoja alisema hajanywa kama ile tangu atoke kwao. Domitila aliyapokea maneno hayo kama mtu anayeletewa kilicho chake.

Mwezi wa tisa mkataba wa Mtaliano ukaisha. Kabla hajaondoka alimwonyesha pete ya chuma inayozunguka shingo ya kinu, ile inayofanya unga uwe laini au wa chengachenga. "Nimeiweka sawasawa," akasema. "Usiiguse. Usimruhusu mtu aiguse." Alikuja na kiangazi, akaondoka na kiangazi. Domitila akayashika maneno yake kama amri kumi.

Mwezi wa kumi na moja vikaja vitu viwili juma moja: mvua, na Melania.

Mvua ile wengi wanaikumbuka, ndiyo watu waliyoiita ya Elnino. Ziwa lilipanda likala viwanja vya watu, reli ikakatika, barabara ya Kalinzi ikawa mlenda na kahawa ya Onesmo haikushuka tena. Melania naye alitoka Uvira, ng'ambo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye vitenge viwili na maneno machache. Alikuwa na barua ya kuruhusiwa kufanya kazi mjini. Aliyemwajiri ni msimamizi wa nyumba, Aikande, mama wa Kimachame aliyeletwa kutoka Moshi na shirika. Aikande alimpeleka jikoni, akasema mbele ya watu wote, "Huyu amefanya kazi hotelini kwao. Mashine kama hii anaijua."

Kwa nini aliyasema yale? Domitila alijiuliza usiku kucha. Mtu analetwa kuosha vyombo, mashine inatajwa ya nini?

Asubuhi ya pili kahawa ikaharibika.

Alisaga kama siku zote, akakandamiza kama siku zote, akawasha. Salamu Maria ya kwanza ikaisha, hakuna kitu. Ya pili ikaisha, tone moja jeusi. Ya nne ndipo kikombe kikafika nusu, na kilichomo kilikuwa kichungu cha kukunja uso. Unga uliobaki kwenye kinu ulikuwa umeshikana mabonge.

Melania alikuwa anasuuza sahani. Aligeuka, akatazama kikombe, akasema kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, "Mama, hewa ya leo iko na maji. Pete ile ya kinu unaifungua kidogo. Kule Uvira tulikuwa tunaigeuza asubuhi, na mchana tena."

Domitila akasimama kati yake na kinu. Pete! Siku ya pili tu, na tayari ameitaja pete.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna, mama."

"Basi sahani zinakusubiri."

Chumvi mezani ilikuwa inatoa machozi kwenye kibakuli. Biskuti za wageni zilikunjika bila kuvunjika, viberiti viligoma kuwaka. Yote hayo Domitila aliyaona kwa macho yake mawili, na bado macho yote mawili yakabaki kwa Melania.

Zefania, mlinzi wa getini, Muha wa Ilagala mwenye ulimi mrefu kuliko rungu lake, ndiye aliyeongeza kuni kesho yake.

"Mwakeye, mama," akaamkia kwa Kiha. "Nasikia kahawa imekataa?"

"Umesikia kwa nani?"

"Dereva ametema yake hapa kwenye maua. Maua yenyewe yamenitazama vibaya." Akasogea. "Mimi sisemi kitu. Ila jana jioni nilipopita dirishani nilimwona yule mama wa Uvira amesimama mbele ya kinu chako. Amesimama tu. Mikono nyuma."

"Mikono nyuma ya nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Mtu mwema anaficha mikono?"

Siku hiyohiyo Domitila akafungua sanduku lake la vitu vilivyosahauliwa na wageni, akatoa chupa ya rangi nyekundu ya kucha. Mgeni mwenye chupa hakuwa amerudi kwa miezi minne, na Domitila hakuwahi hata kuinusa. Kwa kijiti cha kiberiti akachora mstari mwembamba, nusu juu ya pete, nusu juu ya mwili wa kinu. Pete ikigeuzwa hata unene wa unywele, mstari utakatika.

Tena hakuishia hapo. Kama Melania hagusi kinu, basi anagusa kahawa. Pengine anaimwagia maji, pengine anachukua nzuri na kuweka mbovu. Basi akaihamisha. Kopo lingeonekana, kwa hiyo akazimimina punje kwenye kanga kuukuu, akafunga fundo, akaenda kuzificha stoo ya mashuka, rafu ya juu, katikati ya mashuka, chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa kiunoni kwake peke yake. Stoo ilikuwa na dirisha la wavu lililotazama ziwa. Vizuri zaidi, aliwaza. Kahawa inapenda kupumua. Kalinzi kahawa ya kuanika hupigwa na upepo mchana kutwa na ndiyo uzima wake.

Kwenye kopo kabatini aliacha konzi mbili za mtego. Juu yake akapanga punje tano kwa umbo la msalaba, akafunika, akabana mfuniko. Mwizi hawezi kuirudisha misalaba.

Kila asubuhi akakagua. Mstari mwekundu uko palepale. Msalaba uko palepale. Na kahawa kila siku ikawa mbaya kuliko ya jana. Salamu Maria tano. Sita. Siku moja akamaliza fungu zima la rozari, na kikombe kikatoka na kitu kama matope ya mto Malagarasi.

Mwingine angeshukuru Mungu kwamba hakuna anayemwibia. Domitila aliogopa zaidi. Mwizi asiyeacha alama ni mwizi aliyesomea.

Jumatano Aikande alimwita ofisini. Mezani palikuwa na vikombe vitatu, vyote vimejaa.

"Domitila, mama yangu. Hii ni nini?"

"Ni kahawa, Madam."

"Kwetu Machame hii tungepaka ukutani. Labda hiyo kahawa yenu ya Kalinzi imefikia mwisho wake. Niagize ya Moshi?"

Neno hilo lilimwingia Domitila pabaya. Kusemwa yeye, sawa. Kusemwa kahawa ya Onesmo, ya mzee Leodgar aliyeipanda kwa mikono yake!

"Kahawa haina kosa. Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Melania anageuza kinu changu."

Aikande alivua miwani. "Umemwona?"

"Zefania amemwona amesimama. Na nimeweka alama."

Wakaenda jikoni wote wawili. Melania alikuwa anamenya viazi, akainuka, akasogea pembeni. Aikande akainama mbele ya kinu, akautazama ule mstari mwekundu. Ulikuwa umenyooka kama ulivyochorwa.

"Alama haijaondoka."

"Anageuza, halafu anarudisha."

Kisu cha viazi kilidondoka mkononi mwa Melania, akakiokota, akaendelea kumenya.

"Sikilizeni," akasema Aikande, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Ijumaa saa nne wanakuja wakubwa wa shirika, watu sita. Nyumba hii nimeisifia kwa barua, na kahawa nimeitaja. Domitila, linda kinu chako mpaka hapo, na wewe utaitengeneza. Ikiwa nzuri, nitaamini kuna mtu alikuwa anakuchezea, na huyo atarudi kambini. Ikiwa mbaya, mashine anachukua Melania, na wewe utafute kazi kwingine. Jumamosi nataka jikoni pawe na mmoja wenu tu."

Alhamisi ilinyesha mchana kutwa. Domitila alikaa jikoni kama askari wa zamu, macho kwa kinu, hata haja aliibana. Melania alifanya kazi zake akimpa mgongo. Kitu pekee kilichosikika ni mvua juu ya bati na funguo kila Domitila alipogeuka kwenye kiti.

Ijumaa asubuhi akaenda stoo kuchukua kahawa.

Mashuka ya nyumba ile hayakuwa yamekauka kwa juma zima. Jua halikuwepo, na Domitila mwenyewe ndiye aliyekuwa anayaingiza ndani yangali na ubaridi na kuyapanga kwenye rafu. Aliingiza mkono katikati yake, akatoa fundo la kanga. Fundo lilikuwa zito. Kanga ilikuwa na unyevu kama nepi ya mtoto.

Alikaa chini juu ya kapu. Hakuwa anawaza kitu, alikuwa na hofu tu, na mkono wake ulichukua punje moja ukaitia mdomoni, kama alivyofanya utoto wake wote. Maana kule Kalinzi hakuna mizani ya kupimia ukavu. Kuna jino. Mzee Leodgar alimweka Domitila kwenye kitanda cha kuanikia kahawa akiwa na miaka sita, akamwambia: ng'ata. Ikilia ka! ni kavu, funga gunia. Ikipokea jino kimya, rudisha juani, hiyo itaoza na kutuaibisha.

Aling'ata. Punje haikulia. Ilikunjika jinoni kama kipande cha ngozi.

Akachukua nyingine. Kimya. Nyingine. Kimya.

Alinyanyuka mbio, funguo zikapiga kelele nyumba nzima, akaingia jikoni, akafungua kabati, akafungua kopo. Msalaba wa punje tano ulikuwa umelala vilevile alivyoulaza. Akachukua punje ya katikati, akang'ata.

Ka!

Ililia mpaka Melania akageuka.

Domitila alisimama na kopo mkononi, na mambo yote yakamjia kwa pamoja na yakawa mengi. Upepo wa Kalinzi unatoka mlimani, mkavu, unakausha. Upepo wa Bangwe unatoka ziwani. Yeye aliyezaliwa kwenye kahawa alikuwa ameichukua kahawa kavu, akaivua kopo lake, akailaza na mashuka mabichi chini ya dirisha la ziwa. Tena kwa ufunguo wake mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeingia humo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza.

Saa tatu ilikuwa imepita. Konzi mbili za kwenye kopo zingetosha vikombe sita na kidogo cha kujaribia. Akazoa mabaki yote ndani ya kinu, akakifagia kwa brashi, akatia punje kavu, akasaga, akakandamiza, akawasha.

Salamu Maria, ya pili, ya tatu. Ya tatu ikaisha ndipo kikombe kikajaa. Afadhali sana, lakini bado. Ilikuwa imekaa ulimini kwa uchungu. Hata punje kavu, mara tu ilipokuwa unga ilikunywa hewa ile nzito ya mvua, ikavimba, ikaziba njia ya maji.

Na Mtaliano alikuwa amesema pete isiguswe. Mtaliano aliyekuja na kiangazi, akaondoka na kiangazi. Mvua ya Kigoma aliijulia wapi?

"Melania."

"Abee, mama."

"Njoo. Geuza hii pete kama mlivyofanya Uvira."

Melania hakusogea. Aliifuta mikono yake kwenye kitenge, kisha akaipeleka nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko.

"Hapana, mama."

"Nakuomba ugeuze."

"Nitageuza, alama itakatika, utamwita Madam. Utasema: ona. Miye sigusi. Tangu siku ulinifokea sijagusa, hata vumbi lake sifuti. Jioni nikipita karibu naweka mikono hivi, watu waone."

Ndiyo ile mikono nyuma aliyoiona Zefania. Domitila alitazama chini. Kwa mara ya kwanza alikutana na mtu anayemtilia yeye shaka kama alivyozoea kuwatilia wengine, akaona jinsi inavyochoma.

"Basi nielekeze. Nitageuza mwenyewe."

Melania alimpima kwa macho kwa muda. Nje magari yalikuwa yameanza kupiga honi getini, na sauti ya Zefania ilisikika ikiamkia watu kwa unyenyekevu wa kupindukia.

"Kuelekea upande wa ziwa," akasema Melania, bado mikono nyuma. "Kidogo. Unene wa ukucha."

Domitila akashika pete. Ilikuwa baridi. Akaigeuza, na mstari mwekundu ukakatika vipande viwili mbele ya macho yao.

"Tena kidogo. Hapo. Ule unga wa kwanza umwage, ni wa zamani."

Akaumwaga. Akasaga mwingine, akakandamiza, akawasha. Midomo yake ilianza kutikisika, na aliposikia sauti ya pili aligundua kwamba Melania naye anasali palepale alipo, Salamu Maria ileile, kwa lafudhi yake ya ng'ambo. Walifika Amina ya pili pamoja. Kikombe kilikuwa kimejaa, na juu yake limekaa povu la rangi ya asali.

Hawakutazamana. Palikuwa na vikombe vitano vingine.

Wakubwa walikunywa. Mmoja aliomba cha pili, hakikuwepo, na kukosekana kwake kukamfanya asifie zaidi. Walipoondoka kwenda kambini, Aikande alikuja jikoni na karatasi ya kumrudisha Melania kambini, uso umeng'aa.

"Kwa hiyo ni kweli, Domitila. Kulikuwa na mtu."

Melania aliacha kuosha. Maji yakaendelea kutiririka bombani.

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Ilitosha Domitila anyamaze. Asingekuwa amesema uongo wowote. Kunyamaza alikuwa bingwa wake, mashine ingebaki yake, na Jumamosi jikoni pangekuwa na mtu mmoja. Aikande alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Kulikuwa na mtu," akasema Domitila. "Ni mimi. Nilificha kahawa kwenye mashuka mabichi, nikimkimbia huyu. Pete nimeigeuza leo kwa mkono wangu, na aliyenielekeza ni yeye. Alinielekeza siku ya pili ya kuja kwake, sikutaka kusikia. Na kahawa ya Kalinzi haina kosa lolote, hilo nalo uliandike hapo."

Aikande alimtazama, akamtazama Melania, akautazama mstari mwekundu uliokatika. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha Kimachame, akaikunja karatasi. "Mmenichosha wote wawili," akasema. "Jumamosi niwakute wote hapa, na mashuka yaanikwe vizuri." Akatoka.

Kuomba radhi Domitila hakujua, na hakuanza siku ile. Alichofanya ni kutoa ile chupa ya rangi ya kucha, akaiweka mezani mbele ya Melania pamoja na kijiti cha kiberiti.

"Chora alama ya mvua. Pale ilipo sasa."

Melania akachora. Ndivyo kinu kile kilivyoanza kupata mistari. Kulipokuwa na mvua ya asubuhi na jua la mchana wakachora wa katikati, kiangazi kilipokaribia wakachora mwingine, hata ikafika saba, na kila alfajiri mmoja wao alitoka barazani, akavuta hewa kwa pua, akaingia kugeuza pete. Walifanya hivyo kwa miaka mitatu, mpaka shirika lilipofunga nyumba na Melania akarudi Uvira. Kinu alibaki nacho Domitila. Kiko Gungu mpaka leo, mistari yote juu yake.

Kopo la kahawa lilirudi kabatini tangu Ijumaa ile, likibanwa mfuniko tu, bila kufuli. Ufunguo wa stoo ulibaki kiunoni. Kahawa ilikuwa ya wote wawili, lakini mashuka ya watu ni mashuka ya watu.